Mnada au Bei Moja? Shauri kwa Mwenye Kuuza kwa Simu

Bila shaka umepata kumwuliza mtu bei ya kitu chake, naye badala ya kukujibu akakuuliza wewe: "Utatoa ngapi?" Na siku nyingine umekwenda dukani kununua sukari, ukaambiwa bei, ukatoa pesa, ukaondoka, maneno yakaisha. Hizo ndizo njia mbili za kuuza ambazo nataka tuzungumze leo: njia ya kunadi, na njia ya bei moja.

Zamani mtu wa kijijini hakusumbuka sana kuchagua. Akiwa na mbuzi alimpeleka mnadani, akiwa na nyanya alizipanga mafungu kando ya barabara ya Morogoro, basi. Lakini siku hizi vijana wetu wana simu zenye kupiga picha, na kila mahali, toka Ubena na Chalinze mpaka Lugoba na Kiwangwa, utasikia: "Mama, lete tukuuzie mtandaoni." Vema. Lakini huko mtandaoni nako iko milango miwili ile ile, na watu wengi huingia katika ule wanaoukuta wazi.

Mimi nilimwingiza mtu katika mlango usio wake. Ndiyo sababu naandika.

Mkeka wa siku ya mavuno

Kazi yangu ni ukatibu wa parokia. Naandika waliobatizwa, waliofunga ndoa, waliofariki, na zaka. Siku ya mavuno naandika pia mnada, maana mnajua desturi: watu huleta mahindi, kuku, maboga, miwa, na baada ya Misa vitu hivyo hunadiwa nje ya kanisa. Siku hiyo jogoo mmoja alifika shilingi 70,000. Jogoo yule yule ungempata barabarani kwa chini ya nusu ya bei hiyo, lakini aliyemnunua hakuwa ananunua jogoo; alikuwa anatoa sadaka, na jogoo alikuwa kama stakabadhi yake.

Sasa mama mmoja wa jumuiya yetu alileta mkeka wa ukindu. Mgeni mmoja kutoka Dar es Salaam alitaja bei, na mzee mmoja wa kwaya akapanda juu yake, watu wakapiga makofi na vigelegele, na wale wawili wakashindana mpaka 110,000. Jumatatu asubuhi mama yule alikuwa mlangoni pa ofisi.

"Katibu mwanangu, umeona mkeka wangu ulivyokwenda? Ninayo mingine minne nyumbani. Binti yangu yuko darasa la saba. Akifaulu, shule iko mbali, atakaa hosteli, na godoro hana. Niuzie kwa hiyo simu yako."

Nikamwambia, "Mama, bei tumekwisha ijua. Ni laki moja na elfu kumi." Nikapiga picha, nikazipeleka katika makundi mawili ya WhatsApp. Majuma mawili yakapita. Watu waliandika neno moja tu: "Bei ya mwisho?" Nikiwaambia, wananyamaza. Mama alipita kila alasiri akitoka shamba, akaniamkia kwa macho tu, na mimi nikawa naona haya kutoka nje.

Basi nikafanya kosa la pili ili kuficha la kwanza. Nikasema, kama bei moja imeshindikana, tunadi. Nikaandika: mnada unaanzia shilingi 5,000, unafungwa saa mbili usiku huu. Ilikuwa Jumatano, tena katikati ya mwezi, wakati mfuko wa mwenye mshahara umekauka. Kundi lile lilikuwa na watu wapata 90. Waliojibu walikuwa watatu. Mmoja alisema 10,000, wa pili 15,000, wa tatu 18,000, kisha kimya kama kaburini. Saa mbili ikafika. Ahadi ni ahadi. Mkeka ukaenda kwa 18,000.

Mama hakunigombeza. Alisema tu, "Haya, Katibu, umeuza."

Tulipokuwa chuo cha ualimu tulifundishwa kwamba mwalimu akikosea hesabu ubaoni, aifute mbele ya wanafunzi, asingoje wakati wa mapumziko. Basi naifuta hapa, mbele yenu wote.

Kwa nini samaki hunadiwa

Ukitaka kujua mnada ni wa kitu gani, nenda Bagamoyo asubuhi, simama ufukoni ngalawa na mashua zinaporudi. Samaki wanamwagwa, na mnadi anaanza kupaza sauti. Wachuuzi wa baiskeli na pikipiki wapo, akina mama wakaanga samaki wapo na ndoo zao, na wenye magari ya barafu wapo. Kwa dakika chache fungu limekwisha pata mwenyewe, na mnadi anakata fungu lake katika bei.

Kwa nini wasiandike tu bei ubaoni? Kwanza, hakuna ajuaye bei ya asubuhi hiyo. Jana bahari ilitoa sana, leo upepo wa kusi umekataza watu kwenda mbali, na kesho Mungu ndiye anayejua. Pili, samaki hangoji. Mwenye kuuza hawezi kusema, "Nitashikilia bei yangu mpaka wiki ijayo." Tatu, na hili ndilo kubwa kuliko yote, wanunuzi wote wamesimama pale pale, saa ile ile, na kila mmoja anamwona mwenzake.

Lakini tazama jambo la ajabu. Mama mkaanga samaki anabeba fungu lake alilolishindania mnadani, analikaanga, na jioni analipanga sinia mezani. Je, ananadi? Hata! Kipande hiki elfu moja, kile elfu mbili, chukua ulipe. Samaki mmoja amepita katika milango yote miwili kabla jua halijatua. Sababu ni kwamba jioni mambo yote matatu yamegeuka: bei aijua, maana ajua alinunua ngapi na mafuta yamekula ngapi, samaki aliyekaangwa anangoja kidogo, na wateja hawaji pamoja, wanakuja mmoja mmoja na njaa zao.

Sasa uutazame ule mkeka. Bei yake haibadiliki na upepo. Hauozi. Na usiku ule wanunuzi hawakuwa pamoja. Mmoja alikuwa kazini, mwingine njiani, mwingine simu yake imezimika. Niliunadi mkeka kama samaki, wala haukuwa samaki.

(Niseme neno moja hapa. Kwetu pwani neno hili mnada lina uchungu ndani yake. Unguja palikuwa na soko walimonadiwa watu, likafungwa mwaka 1873; na mapadre wa Roho Mtakatifu waliofika Bagamoyo mwaka 1868 walikuta watumwa wangali wanapitishwa njia hii, wakawakomboa wengi wao na kuwapatia kijiji cha kukaa. Mzee mmoja aliniambia kwamba bibi yake hakupenda kabisa kusikia sauti ya mnadi, hata wa samaki.)

Mambo ya nchi za mbali

Kunadi kwa mtandao si jambo la jana. Mwaka 1995, huko California, Marekani, kijana mmoja jina lake Pierre Omidyar alifungua mahali pa kunadia katika intaneti. Kitu cha kwanza kuuzwa kilikuwa kikurunzi kidogo cha kuelekezea, tena kibovu, kikapata dola 14 na senti 83. Husimuliwa kwamba Omidyar mwenyewe alistaajabu, akamwandikia mnunuzi kumwuliza kama anajua kuwa ni kibovu; naye akajibu kwamba yeye hukusanya vile vibovu. Mahali pale pakaja kuitwa eBay.

Angalia jinsi mnada ulivyofaa pale. Nani angeweza kuandika bei ya kikurunzi kibovu? Mwenye kuuza angekitupa. Dunia nzima ilihitaji mtu mmoja tu anayekitaka, na mnada ukamtafuta.

Lakini miaka ilivyokwenda, eBay wenyewe waligeuka. Mwaka 2000 waliweka njia ya mtu kununua papo hapo kwa bei iliyoandikwa, na leo vitu vingi sana humo huuzwa kwa bei moja, si kwa kunadi. Watu walichoka kungoja siku saba kwa ajili ya soksi. Tena vitu vipya vinavyofanana vina bei yake inayojulikana. Mtu anatazama maduka kumi kwa dakika moja, kwa nini agombanie? Mnada ukabaki kwa vitu vya kale, vya pekee, na vilivyotumika.

Mfano mwingine uko barabarani kwetu. Magari mengi haya yaliyotumika kutoka Japani yalinadiwa huko kwao kwanza, katika mabanda makubwa ambamo wafanya biashara hubonyeza kidude na gari likauzwa kwa sekunde chache. Aliyelinunua huliweka katika duka la mtandaoni, kama lile la Be Forward, pamoja na picha na bei yake, na mtu wa Tanzania analiona akiwa amekaa chini ya mwembe wake. Ni habari ile ile ya samaki: wajuzi hununua mnadani, wao kwa wao, kisha mtu wa kawaida anauziwa kwa bei moja.

Ufuta wetu na korosho zetu

Huenda wewe msomaji unasema, "Mimi sina mkeka wala gari." Lakini una ufuta, au una mikorosho michache, na hapo habari inakuhusu zaidi, maana ni chakula cha watoto wako mwaka mzima.

Sheria ya stakabadhi za ghala ilipitishwa mwaka 2005, na korosho zikaanza kuuzwa kwa njia hiyo msimu wa 2007. Mnajua mwendo wake: unapeleka mzigo chama cha msingi, unapimwa kwa mizani, unapewa karatasi, mzigo unakwenda ghala kuu, na huko unanadiwa pamoja na ya wenzako. Zamani wanunuzi walitia bei zao katika bahasha. Siku hizi liko Soko la Bidhaa Tanzania, ambalo wengi hulijua kwa herufi zake, TMX. Mnunuzi ameandikishwa, anakaa Dar es Salaam, Mtwara au ng'ambo, anaona uzito na ubora wa mzigo, na anatia bei kwa kompyuta yake. Muda ukiisha, wakulima husomewa bei, nao ndio wanaosema, "Tumekubali," au, "Tumekataa." Mwaka 2024 minada ya korosho ilihamia katika mtandao huo, na katika mnada wa kwanza wa Oktoba kule Newala kilo ilivuka shilingi 4,000.

Kwa hiyo mkulima wa Pwani anauza kwa mnada wa mtandaoni hata kama hajapata kushika kompyuta.

Sasa usiku anakuja mtu na pikipiki. Ana fedha taslimu mkononi. Anasema, "Baba, ya nini kungoja minada na makato? Mimi bei yangu ni moja, nalipa sasa hivi." Hili nalo ni duka la bei moja, lenye magurudumu! Nyumba moja ya jirani zangu ilitaka kuvunjika kwa habari hii. Baba alitaka kumwuzia, maana ada ya mtoto na deni la mbolea vilikuwa shingoni. Mama alikataa. Sikusimama upande wa mtu, lakini niliuliza swali moja: "Anapima kwa nini?" Wakanyamaza. Alikuwa anapima kwa ndoo. Katika korosho mtindo huu huitwa kangomba, ambapo mzigo hupimwa kwa chombo badala ya mizani. Bei yaweza kuwa moja kweli, lakini chombo kimevimba tumbo. Bei moja bila mizani si bei moja.

Lakini simsifu mnada kupita kiasi. Mnada wa mazao una mateso yake. Pesa hazitoki siku ile. Makato yapo, na mkulima ana haki ya kusomewa moja moja. Tena wanunuzi wakiwa wachache, hupatana kando kama ndugu, na bei inalala. Mwaka 2017 katika baadhi ya minada ya korosho kilo ilipita shilingi 4,000. Mwaka uliofuata, Oktoba 2018, wanunuzi walikuja na bei za chini, nyingine hazikufika hata 2,000, na wakulima wa Newala na Tandahimba wakakataa kuuza.

Yaliyofuata kila mtu anakumbuka. Tarehe 12 Novemba 2018 Rais Magufuli alitangaza kwamba Serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kilo, na jeshi likapewa kazi ya kuzibeba. Mnada ukafungwa, ikawa bei moja nchi nzima. Wakulima walifurahi sana, nami nisingewalaumu. Aliyekuwa anaambiwa 1,900 akisikia 3,300 atacheza ngoma. Lakini uhakiki wa mashamba ulichukua muda, wengine walingoja malipo yao miezi mingi ndani ya mwaka 2019, na Serikali yenyewe ikajikuta na maghala yamejaa, ikitafuta mtu wa kuzinunua. Bei ilikuwa nzuri. Mnunuzi wa mwisho ndiye aliyekosekana. Msimu uliofuata tukarudi mnadani.

Jirani zetu wa Kenya nao walijaribu kuchanganya njia zote mbili. Mjini Mombasa uko mnada mkubwa wa chai kila wiki. Julai 2021 iliwekwa bei ya chini kwa chai ya wakulima wadogo, dola 2 na senti 43 kwa kilo, isiuzwe chini ya hapo. Kuweka sakafu kwa mnada ni jambo la akili, nami nitawashauri hivyo punde. Lakini sakafu ikiwa juu kuliko kimo cha wanunuzi, mzigo unabaki. Chai nyingi ilirudi ghalani wiki kwa wiki, ikazeeka humo, na mwaka 2024 bei ile ya chini ikaondolewa.

Nanasi za Kiwangwa nazo zina fundisho lake. Mwenye nanasi ana haraka kama mvuvi, maana tunda likiiva limeiva. Lakini hana wanunuzi kumi ufukoni. Ana lori moja limesimama mwisho wa shamba. Hapo usijidanganye kwamba unaweza kunadi. Mnada wenye mnunuzi mmoja ni maombi tu. Wataalamu wawili wa uchumi, Jeremy Bulow na Paul Klemperer, walionyesha kwa hesabu mwaka 1996 kwamba kumpata mnunuzi mmoja zaidi kwa kawaida kunamfaa mwenye kuuza kuliko ujuzi wake wote wa kupatana. Basi simu ya mwenye nanasi ina kazi kabla ya kuuza: impigie mwenye lori la pili.

Ugonjwa wa "bei ya mwisho"

Turudi kwenye duka la bei moja. Sisi watu wa pwani twapenda kupatana bei, na sokoni ni raha yake: mnataniana, mnaulizana habari za nyumbani, mnapunguza, mnaongeza. Lakini kwa simu kupatana ni kazi bure. Watu arobaini watakuuliza "bei ya mwisho," nawe utaandika mpaka dole gumba liume. Wauzaji wengine wamepata ugonjwa mbaya zaidi: wanaweka picha bila bei, wanaandika, "Bei nipigie." Mimi nikiona hivyo nadhani bei itategemea sauti yangu.

Huko Uingereza, katika karne ya 17, walikuwako Wakristo waitwao Marafiki, wengine huwaita Quaker. Wao walikataa kutaja bei kubwa ili washuke baadaye, kwa kuwa, walisema, kutaja bei usiyoikusudia ni uwongo. Mwanzo walipoteza wateja. Baadaye watu wakatambua kwamba wanaweza kumtuma hata mtoto dukani mwao, naye asipunjwe. Hilo ndilo jambo la kutafuta katika duka la simu, maana mteja wa Mwanza au Dar es Salaam hana tofauti na mtoto aliyetumwa: hauoni mkeka kwa macho yake, haushiki, hakujui.

Kwa hiyo andika bei, andika urefu na upana, piga picha juani, onyesha na mshono, na kama kuna kasoro onyesha kasoro. Andika ni nani anayelipa nauli ya basi. Na pesa ikiingia, usiamini ujumbe ulioletewa. Fungua salio lako mwenyewe uone, ndipo umpe kondakta mzigo. Wale wa "ile pesa tuma kwenye namba hii" hawajafa, wanabadili maneno tu.

Daftari la mama

Baada ya aibu yangu nilikwenda nyumbani kwa mama yule na daftari. Tuliketi barazani tukahesabu. Ukindu, maana siku hizi haukati mwenyewe bondeni bali ananunua, shilingi 8,000. Rangi, 3,000. Kupeleka mzigo kwa basi, 3,000. Jumla 14,000. Kusuka ukili na kuushona, siku 16, ukiacha saa za shamba na za jikoni. Basi ule mkeka nilioutoa kwa 18,000 ulimwachia shilingi 4,000. Gawanya kwa siku 16: shilingi 250 kwa siku. Binti yake aliyekuwa akitusikiliza akacheka, kisha akaona mama yake hacheki, akanyamaza.

Tukatazama bei za wenzetu mtandaoni na za Bagamoyo mjini, tukaandika 40,000. Ukitoa gharama zinabaki 26,000, yaani 1,625 kwa siku. Si utajiri, lakini ni kazi yenye jina. Mikeka miwili iliyofanana tuliiweka kwa bei hiyo, bila kupungua. Walioandika "bei ya mwisho" niliwajibu, "Ndiyo hiyo, ahsante." Wa kwanza ulikwenda siku ya tisa. Wa pili ulichukuliwa na dada wa mnunuzi yule yule, juma la tatu.

Mkeka wa mwisho ulikuwa na maua ya rangi nne, alijifunza kwa bibi yake, na hakuna mwingine kama huo katika kata yetu. Huo hatukujua bei yake. Tukasema, huu ndio wa kunadi, lakini safari hii kwa akili. Tulitangaza juma zima kabla, katika makundi manne, picha zikiwa wazi. Tulichagua Jumamosi ya kwanza baada ya mishahara, saa moja jioni, watu wamekwisha kula. Sakafu tuliiweka 40,000: chini ya hapo hauuzwi. Tukasema kila anayetaka kushindana atoe kwanza 5,000 ya dhamana, atarudishiwa akishindwa.

Walishindana saba. Mimi jasho lilinitoka kana kwamba nanadi meli. Ulifungwa kwa 67,000. Aliyeshinda akazima simu! Siku mbili tulimtafuta hatukumpata. Nadhani alipanda kwa kushindana, kama yule mgeni wa siku ya mavuno, kisha usingizi ukamwonyesha alichofanya. Elfu tano yake ikabaki kwetu, kama tulivyotangaza tangu mwanzo, nasi tukamwendea wa pili, aliyesema 62,000, naye akalipa jioni ile ile.

Mikeka mitatu, pamoja na dhamana ya yule mtoro, ilileta 147,000. Godoro limenunuliwa, limesimamishwa ukutani na karatasi yake ya nailoni haijatolewa, ingawa matokeo ya mtihani bado. Sare ndiyo iliyobaki. Mama ameanza mkeka mwingine wa maua, safari hii wa rangi tano, na juzi alinipelekea ujumbe kwamba nikapige picha ya ukili kabla haujashonwa, ili watu waanze kuuona mapema. Akauliza pia kama sakafu iwe 40,000 tena au 45,000. Nimemwambia tutahesabu rangi ya tano kwanza.